Faili Lililokuwepo Lisionekane

Mwezi wa Julai mwaka 2012, nikiwa Bukavu katika nyumba ya dada yangu mkubwa kule Kadutu, nilikuwa nimebakiwa na jedwali moja tu ili nikabidhi memwari yangu, yaani tasnifu ya kumalizia masomo: vipimo vya joto na chumvi vya maji ya Ziwa Kivu, kutoka juu hadi mita 450 kwenda chini. Niliiandika kwa LaTeX, ambamo mwandishi huweka amri kati ya maneno yake na programu ndiyo inayopanga kurasa. Profesa aliyeniongoza alikuwa amelikataa jedwali hilo mara mbili, akisema mistari yangu ya wima inalifanya lifanane na dirisha la gereza. Mwenzangu mmoja akanielekeza kwenye kifurushi, yaani nyongeza ya amri za LaTeX, cha kupangia majedwali kiitwacho booktabs.

Kompyuta yangu ilikuwa na LaTeX ya msingi tu, na nyumbani hapakuwa na intaneti. Nilishuka hadi Nyawera, nikakipakua kutoka CTAN, ghala la mtandaoni la vifurushi vya LaTeX, nikarudi nacho kwenye flashi.

Nilipofungua faili la zip sikuona faili la .sty nililolitarajia, lile ambalo LaTeX hulisoma, bali booktabs.dtx na booktabs.ins. Kwa haraka zangu niliendesha latex juu ya lile la .dtx, nikapata kijitabu cha maelezo badala ya kifurushi (nacho kilikataza kabisa mistari ya wima, kumbe profesa hakuwa peke yake). Nilipaswa kuanza na .ins, kwa maana hilo ndilo linalopitia .dtx, likayaacha maelezo na kutoa booktabs.sty.

Nikaliweka faili hilo katika /usr/local/share/texmf/tex/latex/booktabs, nikaiendesha memwari upya. Jibu likawa: faili halikupatikana. Nikafungua folda, faili limo. Nikakagua jina herufi kwa herufi, nikakagua ruhusa za kulisoma, nikaizima kompyuta na kuiwasha.

“Mdogo wangu, si uliweke tu pamoja na hiyo kazi yako?” aliuliza dada, akiendelea kuchambua maharagwe.

“Yaya, mambo hayaendi hivyo,” nilimjibu kwa ujuvi. Kumbe yanaenda hivyo hasa, kwani LaTeX huangalia pia folda ile unamofanyia kazi.

Usiku, umeme ukiwa umekatika na betri ikielekea ukingoni, nilisoma maelezo ya TeX Live, mkusanyiko wa programu uliokuwa na LaTeX yangu, yaliyokuwa ndani ya kompyuta siku zote. Katika tawi lile la folda nilimoliweka faili, programu haipekui folda moja moja, bali inasoma daftari liitwalo ls-R, kama karani wa maktaba asiyeinua macho kuangalia rafu; kitabu kisichoandikwa daftarini, kwake hakipo. Nikaandika sudo mktexlsr ili daftari liandikwe upya, kisha kpsewhich booktabs.sty kuuliza faili liko wapi, na njia nzima ya faili ikatokea kwenye skrini.

Jedwali likatoka na mistari mitatu tu ya mlalo. Nikamgeuzia dada skrini, naye akaitazama kwa muda.

“Na ile mingine umeipeleka wapi?”