Kadagaa ana ndevu

Kondakta wa hiace ya Buhongwa, hapa Mwanza, alipokea nauli yangu, akanikazia macho, kisha akapaza sauti gari zima lisikie: "Kadagaa! We si Kadagaa we?" Nilikuwa na miaka ishirini na minne, ndevu zimejaa, kiroba cha vitunguu mapajani. Abiria wakageuka. Mama mmoja wa siti ya mbele akashika shavu. "Jamani, kale katoto! Mbona kamekomaa hivi?" Halafu wakaniomba niseme yale maneno.

Yale maneno niliyasema mara ya kwanza mwaka 2002, nikiwa na miaka tisa. Kulikuwa na kikundi cha maigizo kilichozunguka mialo ya Ziwa Victoria, kule mitumbwi inakoshushia samaki, kuelimisha wavuvi kuhusu UKIMWI, na mimi nilikuwa Kadagaa, mtoto wa mvuvi mlevi anayetaka kuuza kila kitu cha nyumbani. Namshika baba shati, nauliza kwa kasauti kembamba kama filimbi: "Baba, ukiuza mtumbwi, tutavua na sahani?" Mwalo mzima ulikuwa ukivunjika mbavu. Kituo kimoja cha televisheni kikaja kurekodi, kikarusha, kikarudia kurusha kwa miaka. Mama yangu, aliyekuwa akikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, pale Kirumba, alipewa shilingi elfu tano na soda yangu. Karatasi ya mkataba hakuna aliyeitoa, na sisi hatukujua kama kuna karatasi ya kuuliza.

Mwaka 2006, tukiwa Igombe, nilimshika baba shati kama kawaida, nikafungua mdomo. "Ukiuza mtumbwi" ilitoka nyembamba. "Tutavua na sahani" ikatoka kwa sauti ya dume la mbuzi. Sauti ilikuwa imevunjika katikati ya sentensi, mbele ya watu mia tatu. Walicheka mpaka wengine wakakaa mchangani. Hadi leo sijapata kicheko kikubwa kama kile, na sikukitafuta. Mwezi uliofuata shati la baba lilishikwa na mtoto mwingine.

Miaka ya katikati haina mengi. Nilimaliza kidato cha nne, nikabeba matenga ya samaki pale Mwaloni, nikaoga kwa limau kila jioni na bado nikanuka.

Mwaka 2015 rafiki yangu mshereheshaji aliniambia kuna baa Pasiansi inatafuta wachekeshaji wa Ijumaa. Nikaenda na nilichokuwa nacho: Kadagaa. Niliingia na kaptula, nikasema maneno yangu kwa sauti ya kubana pua. Dakika tano za kwanza walipiga makofi. Dakika ya sita wakaanza kuninunulia soda. Mchekeshaji akishaonewa huruma, kazi imekwisha pale pale, hata kama chupa zinaendelea kuletwa mezani. Wiki iliyofuata nikajaribu kumuiga King Majuto, kwa sababu enzi zile nani hakumuiga? Mzee wa Tanga yule alikuwa akitazama tu, watu wanacheka. Mimi nilitazama, watu wakauliza kama naumwa.

Kilichoniokoa ni matenga. Usiku mmoja, kwa kukosa la kusema, nilianza kusimulia bei ya bondo. Kwa msomaji wa mbali na ziwa: bondo ni kile kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara, kinachokaushwa na kusafirishwa Uchina, na bei ya kilo yake inaiacha minofu mbali sana. Nikaigiza sangara yuko hospitali, daktari anamgusa tumbo, mke wa daktari naye anachungulia mlangoni, muuguzi keshampigia simu dalali. Kila mmoja nikampa sauti yake. Sangara nilimpa sauti ya mwenyekiti wetu wa mtaa, lakini hilo libaki hapa hapa. Sikubana pua, sikuvaa kaptula. Watu walikuwa wakicheka na kuangalia dari, hawanitazami kabisa. Nilidhani wamechoka na sura yangu. Kumbe walikuwa wanamtafuta sangara.

Hiyo sanaa ya mtu mmoja kuwa watu kumi sikuianzisha mimi. Tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, tulimsikia Lufufu akizitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili: jambazi yeye, mrembo yeye, maelezo ya pembeni yeye. Utotoni nilimwona kama kelele ya lazima. Ukubwani ndipo nilipokaa chini na kusikiliza anavyobadilisha pumzi, siyo sauti tu. Mwoga anapumua juu, kifuani. Mwenye pesa anapumua taratibu kwa sababu hakuna anayemkatiza.

Kazi ya kwanza ya sauti peke yake niliipata Makoroboi, kwa machinga wa viatu aliyekuwa amekaukiwa koo. Alinipa elfu tano nirekodi kwenye spika yake ya mkononi: "Njoo uone, kuona hulipi, kiatu elfu kumi, cha kushoto unapewa bure!" Dakika tatu, basi. Baada ya wiki napita pale, nasikia najiita mwenyewe. Nikasimama. Watu wamejaa, wanacheka hicho cha kushoto, wananunua. Dada mmoja akaniomba nisogee, namzibia. Hakuna aliyesema Kadagaa. Nilisimama pale karibu nusu saa, nimebanwa na watu, nikijisikiliza, na sikumbuki siku nyingine niliyojisikia mwepesi namna ile.

Basi nikahamia huko. Kwanza gari la matangazo, halafu matangazo ya redio, halafu masomo ya kusikiliza ya watoto, halafu katuni.

Wengi huniuliza kuhusu vifaa, na mimi huwajibu kuhusu godoro. Maiki yangu ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa na programu niliyotumia ni Audacity, ambayo hailipiwi. Tatizo lilikuwa chumba. Chumba chenye kuta tupu kinakurudishia maneno yako, na msikilizaji anajua uko chumbani hata kama unajifanya uko msituni. Nilisimamisha magodoro mawili kwenye kona, nikatundika vitenge vya mama juu yake, nikaingia katikati kama mwali. Maiki niliiweka pembeni kidogo ya mdomo ili herufi P isiipige moja kwa moja. Kabla ya kurekodi sinywi maziwa wala soda, nakunywa maji ya uvuguvugu. Masika yakianza kupiga bati nazima kila kitu nalala, hakuna ujanja.

Nilikuwa nimepanga Igombe, kwenye ule mwalo ulionivunja sauti, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Miezi ya kwanza niliteseka. Usiku mmoja kimya kama kaburini, usiku mwingine muziki mpaka alfajiri, na sikuelewa mpangilio wake. Jirani yangu, mzee wa dagaa, ndiye aliyenifungua macho. "Mwanangu, we hutazami mwezi?" Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta pale tu penye giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanabaki nchi kavu, na mvuvi aliyebaki nchi kavu ana spika. Giza likirudi wote wako ziwani, ukitazama kutoka ufukweni unaona taa zao kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Tangu hapo wateja wangu wa Dar es Salaam wakitaka kazi ya haraka naangalia kwanza kalenda ya mwezi. Mmoja alidhani ni mambo ya kiganga. Sikumsahihisha, alianza kunilipa kwa wakati.

Kwenye malipo nilijifunza kwa kuumia. Tangazo moja la sabuni nililirekodi kwa elfu themanini, likapigwa miaka mitatu. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba sauti nilishaiuza. Siku hizi naandika, hata kama mteja ni shemeji yangu: itatumika wapi, kwa muda gani, na wakitaka kuongeza muda tunazungumza upya. Tanzania ina sheria ya hakimiliki na hakishiriki tangu mwaka 1999, na hilo neno la pili ndilo linalomgusa msanii anayeigiza au kusoma kazi iliyotungwa na mtu mwingine. Ilikuwepo miaka mitatu kabla sijamshika baba shati.

Mwaka jana niliitwa kuingiza sauti kwenye katuni. Nilipewa kiboko mzee mwenye madeni. Mtoto wa kiboko aliigizwa na binti wa miaka tisa, amekuja na mama yake, ameshika juisi kwa mikono miwili. Akaniamkia, "Shikamoo babu," kwa sababu alikuwa amesikia majaribio yangu ya kiboko kabla hajaniona. Alipoingia kusoma sehemu yake nilimfuata mama yake nje.

"Dada, wamekupa karatasi?"

"Ipi?"

Tukakaa kwenye ngazi na kalamu yangu, tukaorodhesha vya kuuliza. Mwenye studio alitoka kuvuta hewa, akatuona, akarudi ndani bila kusema neno. Karatasi ikaja saa nane mchana, kurasa mbili, na mama akaisoma yote huku chakula chake kikipoa.

Binti alikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kuwa. Wakati wa mapumziko akaniomba ajaribu sauti yangu. Akavuta kidevu ndani, akapumua taratibu kama mtu mwenye pesa, akasema mstari wa kiboko wote bila kutazama ukurasa. Fundi mitambo akavua spika za masikioni.

"Babu," akaniambia, "hapo ulipodai deni ungecheka kwanza."

Tukarudia ukurasa wa nne. Nilicheka kwanza.