Pleti za klachi za Honda ya mzee wa Sengerema

Honda CG125 ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970. Ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hufanya kazi kutwa nzima na matengenezo huchelewa. Valvu zake husukumwa na fimbo, na kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, huendeshwa na gia, kwa hiyo hakuna cheni ya ndani ya kulegea. Viwanda vya China viliinakili baadaye, ndiyo maana bodaboda nyingi zilizojaa Mwanza kuanzia miaka ya 2000 zina injini inayofanana nayo karibu kila bolti. Kufanana huko kunarahisisha mambo mengi, lakini kwenye klachi kunaponza. Mwaka 2014 mzee mmoja, bwana shamba mstaafu aliyekuwa amesimamia pamba miaka mingi, alivuka kwa kivuko cha Busisi akatuletea CG125 yake ya zamani pale gereji, Nyakato. Aliinunua misheni ikiwa bado na kava lake la cheni, na kava lilikuwepo hadi siku hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Nikipakia gunia nikafika kilimani, injini inalia lakini mwendo hauji."

Maelezo hayo yalitosha kumwelekeza fundi wetu mkuu, lakini hakufungua kitu. Alishika kwanza mkono wa klachi. Ncha yake inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta springi. Isipocheza kabisa, waya unakuwa unabonyeza klachi muda wote, na hata pleti mpya zitateleza mpaka ziungue. Ya mzee ilicheza vizuri, na waya ulipita laini kwenye ganda lake. Kisha akauliza oili.

"Naweka ya gari," mzee akasema. "Ile nyepesi, mwanangu wa Dar aliniletea."

Hapo palikuwa na nusu ya tatizo. Klachi ya CG inaogelea ndani ya oili ileile ya injini na gia. Oili nyingi nyepesi za magari ya kisasa huwekewa viungo vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo, na msuguano huohuo ndio unaoifanya klachi ishike. Oili ya pikipiki yenye klachi ya namna hii huandikwa JASO MA kwenye kopo, alama ya kiwango cha Kijapani. Uzito wa 10W-40 ndio unaofaa injini hii, na kwa joto letu na injini iliyotembea sana, 20W-50 nayo inafanya kazi vizuri mradi alama ya MA ipo.

Oili mbaya peke yake ungeweza kuimwaga, ukaweka nzuri, ukasubiri. Ila mzee alikuwa ametembea nayo hivyo kwa misimu, na klachi inayoteleza hujiunguza yenyewe. Tukafungua.

Oili ilimwagwa injini ikiwa na uvuguvugu, ili uchafu utoke nayo. Tukatoa bomba la kukanyagia, pedali ya breki na kiki, vyote vikiwa upande wa kulia, kisha tukachomoa waya kwenye mkono wake juu ya kava. Skrubu za kava za Honda za zamani zinataka uangalifu. Msalaba wake ni wa kipimo cha Kijapani, na bisibisi ya kawaida ya msalaba hupanda juu na kulamba kichwa. Fundi alitumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, yenye ncha inayokaa hadi chini, na zote zikalegea bila kuharibika. Kava likitoka, angalia pini mbili za kulengesha, kwani hupenda kubaki upande usioutarajia au kuanguka kwenye beseni la oili chafu.

Kwenye ncha ya krankshafti, shafti kuu ya injini, kuna chujio la mzunguko, kikombe kinachotupa uchafu pembeni kwa kasi yake. Kifuniko chake kinashikwa na skrubu tatu. Tulikuta ndani tope jeusi limegandamana, na ndani ya tope kulikuwa na nyuzinyuzi za rangi ya kahawia, ambazo ni pleti zenyewe zilizosagika. Anayebadilisha pleti bila kusafisha kikombe hiki na wavu wa chini ya injini anaacha takataka ya klachi ya zamani izunguke kwenye injini.

Klachi ya CG haifunguki kama watu wanavyodhani. Ukitoa bolti nne na springi nne, pleti bado hazitoki, kwa sababu sahani ya kukandamiza iko nyuma na nguzo zake nne zinapita katikati ya kitovu, kile kiini ambacho pleti za chuma huvalishwa. Lazima utoe nati ya katikati, ambayo kwenye injini hii ilikuwa na mapengo manne, kwa soketi maalumu yenye meno manne. Wapo wanaoigonga kwa patasi. Nati inaweza kutoka hivyo, lakini pembe zake huliwa, vipande vya chuma huanguka ndani, na beringi ya shafti hupokea kila pigo. Sisi tuliweka gia ya mwisho, mwenzetu akabana breki ya nyuma kwa mkono pale kwenye mkono wake wa gurudumu, na nati ikafunguka kwa mkono wa kawaida. Washa iliyo chini yake ina upande wa nje na wa ndani, kwa hiyo kariri jinsi ilivyokaa.

Kila kitu kikapangwa juu ya gazeti kwa mfuatano wake: pleti tano za msuguano, nne za chuma kati yake. Pleti mpya ya msuguano ya injini hii ina unene wa milimita 2.9 hadi 3.0, na ikifika 2.6 imemaliza kazi. Venia, kifaa cha kupimia unene, ilionyesha za mzee ziko kati ya 2.4 na 2.5. Uso wake ulikuwa unang'aa kama kioo, tena ukinuka kuungua. Pleti za chuma mbili zilikuwa na mabaka ya bluu. Tukalaza kila moja juu ya kipande cha kioo na kujaribu kupenyeza fila geji, kijibati chembamba cha kupimia, ya milimita 0.20 pembeni. Ikipita, pleti imepinda na haifai. Zile mbili za bluu zilipitisha. Zilizobaki zilikuwa zimenyooka, lakini fundi akasema zibadilishwe zote nne, nami nakubaliana naye mpaka leo: chuma kilichopashwa joto pamoja na kile cha bluu kina umri uleule.

Springi zilisimamishwa pamoja juu ya kioo, na moja ilikuwa fupi kwa zaidi ya milimita moja. Springi moja ikichoka, sahani inakandamiza kwa upande, na pleti zinaliwa kwa upande. Hubadilishwa zote nne kwa pamoja.

Kilichobaki ni nyumba ya klachi, yaani kile kikapu cha aluminiamu chenye nafasi ambamo masikio ya pleti hukaa. Kila unapotoa na kurudisha gesi, masikio hugonga kuta za nafasi hizo na kuchimba vishimo. Vishimo vikiwepo, pleti mpya hukwama kwenye alama za pleti za zamani. Unavuta mkono wa klachi nayo haikati, yaani haitenganishi injini na gia, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Vya mzee vilikuwa vifupi. Fundi akavilainisha kwa tupa bapa laini, kila ukuta kwa idadi ileile ya mipigo, akaosha kikapu kwa petroli. Vishimo virefu havipigwi tupa, maana nafasi zitapanuka, pleti zicheze na kugonga zaidi. Hapo nyumba hubadilishwa.

Tukaenda madukani mjini kati tukiwa na mfuko wa nailoni wenye pleti moja ya msuguano, moja ya chuma, springi moja na kitovu cha klachi. Kubeba vitu hivi ndiyo hatua wengi wanairuka. Wanataja jina la pikipiki kaunta, wanapokea pakiti, wanagundua tofauti injini ikiwa wazi.

"Zote za CG ni moja, kaka," muuzaji wa duka la kwanza akatuambia.

"Sawa, bosi. Tuazime kaunta yako kidogo," fundi akajibu, akatoa venia.

Pakiti ile ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote na imeandikwa CG125. Kipenyo kilikubali, masikio yalikubali. Lakini pleti tano za pakiti moja zilikuwa na unene wa kuanzia 2.75 hadi 3.05. Zote tano pamoja zinatakiwa zifike kati ya 14.5 na 15.0, na hizi hazikufika. Kwenye klachi hii rundo likiwa jembamba, springi zinabaki ndefu na nguvu yake inapungua, hivyo unaweza kuwa na pleti mpya na klachi bado ikateleza. Likiwa nene mno, springi zinaminywa kupita kiasi, mkono unakuwa mgumu, na klachi inaweza isikate vizuri. Fundi alikwaruza ukingo wa kipande kimoja cha msuguano kwa ukucha, kikainuka kidogo kwenye gundi yake. Akairudisha pakiti kwa adabu.

Duka jingine lilikuwa na pleti zenye unene sawasawa, nzuri kwa macho. Tulipolinganisha sikio na sikio, yalikuwa membamba kuliko ya zamani. Pleti ya namna hiyo itaingia na injini itatembea, lakini itapiga kuta za nyumba kila unapobadili gesi, na vishimo tulivyotoka kuvilainisha vitarudi haraka. Muuzaji alishauri tuongeze pleti moja ya chuma kwenye rundo la zamani ili "lijae". Ushauri huu unasikika sana, pamoja na ule wa kuweka washa chini ya springi. Yote mawili yanaongeza mgandamizo juu ya uso uliokwisha kuungua. Nguvu inahamia kwenye waya, kwenye beringi ya kusukumia na kwenye nguzo nne za aluminiamu, na nguzo zikivunjika gharama inakuwa ya klachi nzima.

Tulichokichukua kilikuwa kwenye boksi, kwa bei ya juu mara kadhaa. Pleti zote tano zilikuwa kati ya 2.95 na 3.00. Sikio liliingia kama la zamani, na vipande vya msuguano vilikuwa vimeshikwa pande zote bila ukingo ulioinuka. Pleti za chuma tuliuziwa kivyake, na kila moja ilivalishwa kwenye kitovu tulichobeba. Inatakiwa iteleze hadi chini kwa uzito wake yenyewe, bila kusukumwa na bila kuyumba. Moja iligoma katikati, tukaibadilisha palepale. Springi mpya zilisimama urefu mmoja.

Mzee alitaka arudi jioni ileile na kivuko, lakini pleti kavu hazifungwi. Zikianza kazi bila oili huungua uso dakika za kwanza. Tukazilaza usiku kucha kwenye oili mpya, ileile itakayotumika ndani ya injini, naye akalala kwa mdogo wake Igoma.

Asubuhi rundo lilianza na msuguano na kuishia na msuguano. Pleti za chuma hukatwa kwa mashine, na ukipitisha kidole utasikia upande mmoja una ukingo mkali. Ukingo huo uelekee upande mmoja kwa zote. Masikio yalipangwa mstari kabla ya kuingiza rundo kwenye nyumba, kisha nati ya katikati ikakazwa. Bolti nne za springi ni za milimita 6 na zinaingia kwenye aluminiamu. Fundi alizikaza kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, kwa spana fupi ya T, akaacha mara bolti ilipofika mwisho na kushika. Nguzo nyingi za klachi za bodaboda zinazoletwa gereji zikiwa zimevunjika zilivunjwa hapa, na mkono uliodhani kukaza zaidi ni usalama zaidi.

Gasketi ya kava tuliikata kwenye karatasi ya gasketi kwa kufuata kava lenyewe, tukaiweka bila silikoni. Silikoni inayojaa ndani hukatika vipande, ikaenda kwenye wavu wa oili, na pampu ya injini hii iko hapohapo chini. Oili karibu lita moja, tukaisoma kwenye kijiti injini ikiwa imesimama wima. Waya ukarekebishwa hadi ncha ya mkono icheze milimita 15.

Kwanza tulijaribu kwenye stendi: gia ya kwanza, mkono umevutwa, gurudumu lilisimama kwa kushikwa kwa mguu kidogo tu, maana yake klachi inakata. Kisha fundi akampakia mwenzetu nyuma, wakapanda kilima cha Bugando kwa gia ya tatu, gesi ikifunguliwa polepole hadi mwisho. Mlio na mwendo vilipanda pamoja.

Mzee aliambiwa aende taratibu kilomita 100 za mwanzo, asishikilie klachi nusu akiwa kwenye foleni ya kivuko, na arudi tuimwage oili baada ya kilomita 500. Alirudi. Oili ilitoka na weusi kidogo bila nyuzi, mchezo wa mkono ulikuwa umepungua kwa milimita chache baada ya pleti kukaa, tukauongeza kwenye nati ya waya, akaondoka na makopo mawili ya akiba yenye alama ya MA.