Nilivyopata pa kuanikia dagaa kwenye majabali

Nilipoanza kazi ya dagaa hapa Igombe, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, sehemu nzuri za kuanikia zilikuwa na wenyewe. Pesa yangu ilitosha kununua dagaa, haikutosha kukodi ufukwe. Nilichopata ni kipande cha mteremko chenye majabali, ambako hata turubai halitandikiki.

Nilihangaika kutafuta eneo mpaka nikajiuliza: kwani dagaa anahitaji nini ili akauke? Jua na hewa. Ardhi haimo. Tena ardhi ndiyo inayomharibu, maana akilala chini hewa inampiga upande mmoja, na mchanga unamganda.

Nikanunua mirunda michache na nyavu chakavu za dagaa kwa wavuvi. Matundu yake ni madogo, dagaa hawadondoki. Nikajenga vichanja. Mahali tambarare ningevipandisha ghorofa, cha chini kikakosa jua. Mteremko uliniruhusu kuvipanga kama ngazi, kila kimoja na jua lake. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuja nchi kavu, nao ukipanda huku unapita chini ya kila wavu. Jua likiwa kali, dagaa wa asubuhi wanakauka jioni hiyohiyo. Wa mchangani mara nyingi hulala hadi kesho yake, na usiku wanarudisha unyevu.

Kule Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, mnunuzi hutafuna dagaa kwanza. Akisikia mchanga, bei inashuka, na dagaa wengine huishia kuwa chakula cha kuku. Wangu wanaliwa na watu, na hilo linanifurahisha kuliko hata faida.

Vichanja vikijaa sinunui tena, hata bei ikiwa ya kutupa. Kwa hiyo nachagua: nachukua wa mtumbwi uliotia nanga mapema, wakiwa bado wabichi kabisa. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi haziwavuti dagaa na kazi inasimama. Siku hizo nashona nyavu.

Masika ndiyo mtihani. Mvua ikishika, naosha dagaa, natia chumvi, nakaanga na kufunga kwenye pakiti ndogo za kuuza madukani. Nilianza hivyo kwa sababu sikuwa na uwezo wa kupoteza hata ndoo moja, na sasa kuna wateja wanaowaulizia hata kiangazi. Kichanja cha juu nimekifunika kwa nailoni angavu, pande mbili nimeziacha wazi unyevu utoke. Kikistahimili mvua za vuli, nitafunika na vilivyobaki.