Mluzi kwenye spika: nilivyofunga muziki kwenye IST yangu

Miezi minne nimeendesha gari linalopiga mluzi. Ukiwasha muziki, mluzi. Ukishusha sauti mpaka sifuri, mluzi upo. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka, unakusindikiza kutoka Mbagala mpaka Posta. Sasa umekwisha, na nimeumaliza mwenyewe kwa kipande cha msasa na boliti moja, baada ya kuambiwa ninunue vitu vitatu ambavyo sikuvihitaji. Viwili nilivinunua. Ndiyo maana naandika.

Gari ni Toyota IST ya 2004. Lilikuja na redio yake ya Kijapani, na Japani FM yao ya zamani inaanzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Aliyeniuzia alikuwa amefunga kile kidude cha kushusha masafa. Kinasaidia, lakini namba unayoiona kwenye kioo siyo namba ya stesheni, na sauti inakuja imechoka. Nikaamua kung'oa. Redio mpya, spika mpya za mbele zenye twita zake (vile vispika vidogo vya sauti nyembamba), na amplifaya ndogo ya chaneli nne. Za nyuma nimeziacha zile zile, nani anakaa nyuma anasikiliza kwa makini?

Nilinunua mtaa wa Gerezani hapa Dar, na hapo nataka kusema neno kuhusu wati. Dukani wanakuonyesha boksi, na boksi limeandikwa wati 1800. Usibishane na muuzaji, ana watoto wa kulisha. Geuza amplifaya uangalie fyuzi yake. Kama ni ya ampea 30, zidisha kwa volti 14 ambazo gari linatoa likiwa linanguruma, unapata 420. Huo ndio umeme wote unaoingia. Unaotoka kwenda kwenye spika ni pungufu, sehemu kubwa inaishia kuwa joto, ukipata 250 umepata. Hizo 1800 zinatoka wapi? Niliyochukua mimi iliandikwa wati 50 RMS, yaani nguvu halisi ya mfululizo, kila chaneli na ina fyuzi ya 25, hesabu yake inakubali. Kwa jumla, redio, spika na amplifaya, ilinitoka kama laki nne na kitu, nyaya mbali.

Redio nilifunga mwenyewe. Nilinunua soketi ya Toyota ya kubadilishia, ya elfu chache tu, nikaunganisha rangi kwa rangi nje ya gari: njano ya betri moja kwa moja, nyekundu ya swichi, nyeusi ya kurudi. Sikukata waya hata mmoja wa gari. Kuna fundi alitaka akate soketi yote ya kiwandani aunge kwa mkono na utepe mweusi. Nilikataa. Gundi ya ule utepe ikipata joto la Dar inalainika, unafunguka, na baada ya muda nyaya ziko uchi nyuma ya dashibodi.

Milango nayo ilinifunza. Nilisoma kwamba mlango ni bati tupu na spika nzuri kwenye bati tupu inatetemesha bati, kwa hiyo unalibandika kitu kizito kulituliza. Kweli kabisa. Ila mimi nikanunua ule utepe wa lami wa kuzibia mapaa, kwa sababu roli zima ni bei ya kipande kimoja cha ule wa magari. Nikabandika milango miwili ya mbele Jumapili nzima, nikagonga kwa ngumi, mlango ukajibu "dum" mzito badala ya "kwang". Nilifurahi sana. Ikafika Februari. Gari limeegeshwa juani Kariakoo saa saba mchana, narudi, nafungua mlango, harufu ya barabara inayowekwa lami imejaa ndani. Jioni nikafungua paneli: lami imeteleza kama asali, imeshuka mpaka kwenye reli ya kioo, na kioo kikawa kinapanda kwa kusuasua. Nilitumia mafuta ya taa, matambara na kisu butu cha mkate, siku mbili. Chukueni ule wa mpira wa butili wenye karatasi ya alumini juu. Hauhitaji kufunika mlango wote, nusu inatosha, weka pale bati linapolia ukiligonga.

Turudi kwenye mluzi.

Amplifaya nilimpa fundi aifunge kwenye buti, kwa sababu sikuwa na muda wa kupitisha waya mnene kutoka kwenye betri. Kazi ya nje ilionekana safi, fyuzi kaiweka karibu na betri inavyotakiwa. Nikawasha, ndiyo huo mluzi. Nikamrudia.

"Kaka, hizo nyaya zako za RCA ni za bei rahisi. Chukua nene."

Hizo ndizo zinazopeleka sauti kutoka kwenye redio mpaka kwenye amplifaya. Nikachukua nene, elfu thelathini na kitu. Mluzi ule ule. Wa pili akasema nahitaji filta kwenye waya wa umeme wa redio. Nikanunua filta, ikafungwa, nikaenda nayo mpaka Tegeta na kurudi huku mluzi unanisikiliza. Wa tatu akafungua boneti, akasikiliza kama daktari, akasema altaneta imekufa, nibadilishe. Hapo nilisimama. Altaneta inachaji volti 14.2, taa hazififii, imekufa wapi?

Karibu na kwetu kuna mzee anatengeneza redio na friji, nilikwenda kumuazima mita ya kupimia volti. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Hakutaka hata kuliona gari. Akaniuliza, "Mwanangu, umeme ukienda lazima urudi. Njia ya kurudi umeipima?" Sikuwa nimeipima. Watu wote tulikuwa tunaangalia waya mwekundu.

Kabla ya kupima nilifanya jaribio moja ambalo ningependa kila mtu alijue, halina gharama. Nilichomoa nyaya za RCA kwenye amplifaya, nikawasha injini: kimya. Nikachukua simu yangu, nikaiunganisha na amplifaya moja kwa moja kwa kile kiwaya cha tundu la hedifoni, simu haijachomekwa kwenye chaja. Muziki ukapiga, nikakanyaga mafuta mpaka jirani akachungulia. Hakuna mluzi hata kidogo! Amplifaya nzima, spika nzima, altaneta nzima. Nikarudisha redio, mluzi ukarudi. Maana yake tatizo linazaliwa redio na amplifaya zinapokutana. Redio inarudishia umeme wake kwenye bodi la gari mbele, amplifaya inarudishia nyuma, na kama pande hizo mbili hazilingani, ile tofauti inatafuta njia, na njia iliyo wazi ni waya wako wa sauti. Wa nene au wa mwembamba, yote sawa.

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye skrubu ya kurudi ya amplifaya, ya pili kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu, injini inanguruma, taa zimewaka, AC imewaka, muziki juu. Mita ikasoma volti 0.5. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Nikaufuata waya mweusi kwa mkono chini ya zulia. Ulikuwa na urefu wa kama mita mbili, umezungushwa, na mwisho wake umebanwa kwa skrubu ndogo ya bati juu ya rangi. Juu ya rangi! Rangi haipitishi umeme, zilizokuwa zinagusa ni zile meno za skrubu peke yake, na tayari zimeanza kutu kwa hewa yetu ya chumvi.

Nilitafuta boliti ya kiwandani iliyoingia kwenye bodi karibu na amplifaya. Siyo ya mkanda wa usalama, ile msiiguse. Na ukitaka kutoboa tundu jipya, kwanza chungulia chini ya gari, tanki la mafuta na mabomba yake yako huko. Nikasugua kwa msasa mpaka bati likang'aa jeupe kama sarafu mpya, duara la ukubwa wa shilingi mia mbili. Nikakata waya ukabaki kama sentimita arobaini, nikabana kichwa kipya cha shaba kwa koleo, nikaweka washa ya meno (kile kiduara cha chuma) katikati, nikakaza, nikapaka grisi juu kuzuia kutu. Mita: 0.02.

Nilikaa kwenye kiti nikawasha. Nikakanyaga mafuta. Nikakanyaga tena. Nilizima nikawasha mara ya tatu kwa kutoamini.

Baada ya ukimya huo ndipo nikagundua besi ni nyembamba. Ukipeleka balansi kushoto tu, besi inakuja. Kulia tu, inakuja. Ukirudisha katikati inatoweka. Hiyo ni alama kwamba spika moja imegeuzwa nyaya, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, zinauana. Nilichomoa nyaya za spika kwenye amplifaya, nikazigusisha na betri ya rimoti ya volti 1.5, chanya kwa chanya. Mlango wa kulia koni iliruka nje, wa kushoto ikaingia ndani. Nikageuza nyaya mbili. Dakika kumi.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mama Tanga. Taarabu tangu Chalinze, fidla inakuja juu ya dashibodi mbele yake, siyo miguuni. Tulipofika Segera akaniuliza kama gari ni lile lile. Sabufa ya inchi 8 ipo nyumbani, nasubiri seremala amalize boksi.