Ninavyouza mikoba ya ngozi mtandaoni bila kukimbizana na wafuasi

Kila nikisoma ushauri wa biashara mtandaoni nakuta wimbo uleule: posti kila siku, ukiweza mara tatu, wafuasi waongezeke. Sawa kwa anayeuza vitu vya kiwandani, ambaye oda ikizidi anafungua katoni nyingine. Mimi nashona mikoba ya ngozi kwa mkono. Mkoba mmoja wa begani unakula siku tatu nikijitahidi, na hapo sijahesabu muda wa rangi kukauka. Watu elfu moja wakiniagiza leo kwa mpigo, kwangu hilo ni balaa. Kwa hiyo sitafuti umati. Natafuta watu wachache walio tayari kusubiri, na karibu kila ninachofanya kwenye simu kinatokana na hilo.

Nianze na bei, maana hapa ndipo ninapobishana na mafundi wenzangu. Unakuta picha ya mkoba mzuri ajabu, na chini yake maneno mawili: "Bei inboksi." Wenyewe wanasema wanaficha ili washindani wasijue. Jamani, mshindani akitaka kujua si anamtuma shemeji yake aulize? Anayeumia ni mteja mwenye haya, anayeogopa kuuliza halafu ashindwe kulipa. Huyo anapita kimyakimya na humwoni tena. Na wewe fundi jioni yako yote inaishia kumjibu huyu na yule "bei gani?" wakati kuna mkoba mezani unaokusubiri.

Mimi naandika kila kitu palepale kwenye posti: bei, urefu, upana, rangi ya uzi, na kwamba utasubiri wiki kadhaa. Ujumbe unaoingia ni mchache, lakini unatoka kwa mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake. Yeye haulizi bei. Anauliza, "Mkanda unaweza kurefushwa kidogo, mimi ni mrefu?" Swali kama hilo nalipenda kuliko laiki mia.

Kinachoniletea watu wa namna hiyo ni video za mshono, kuliko hata picha za mkoba uliokamilika. Natoboa kwanza matundu kwa chuma chenye meno, kisha nachukua uzi mmoja uliopakwa nta na kutia sindano kila ncha. Sindano zote mbili zinapita tundu lilelile, moja ikitokea huku na nyingine kule, halafu navuta kwa mikono yote miwili mpaka uzi ulale. Cherehani inafanya tofauti: nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinanasana katikati ya ngozi, na mmoja ukikatika mshono unaweza kuanza kuachia. Wa mkono ukikatika upande mmoja, upande wa pili bado umeshika. Niliwahi kuyaeleza haya kwa maandishi marefu, kimya. Kwenye video fupi, mtu anaona sindano mbili zikipishana kwenye tundu moja na anaelewa mwenyewe kwa nini mkoba huu haufanani bei na wa mashine.

Video naichukua wima, uwiano wa 9 kwa 16, kwa sababu TikTok na Reels za Instagram zimejengwa hivyo. Ukiilaza simu, kazi yako inabaki utepe mwembamba katikati ya kioo. Sianzi na salamu wala jina la duka. Cha kwanza kuonekana ni sindano ikiingia. Sauti naiacha ya kazi yenyewe, nyundo ikigonga chuma, uzi ukikwaruza ngozi, na kwa wanaotazama wakiwa wamezima sauti naandika maneno machache juu ya picha. Sura yangu haimo. Vidole vyenye sugu vinatosha.

Picha za kawaida zina kazi nyingine: kusema kweli kuhusu rangi. Nazipiga kando ya dirisha asubuhi, jua lisipige moja kwa moja, na upande wa pili nasimamisha karatasi kubwa nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli. Flashi naizima. Inaipa ngozi mng'ao wa plastiki, na kahawia inageuka karibu machungwa. Mteja akipokea mzigo anadhani umebadilishwa. Vichujio vya rangi pia sivigusi. Na lazima kuwe na kitu cha kulinganisha ukubwa, mkono wa mtu au simu, kwani vipimo vya sentimita wengi hawavisomi hata ukiviandika.

Ngozi yangu imetengenezwa kwa maji ya magome ya miti, na aina hiyo hukolea rangi kadiri inavyoguswa na kupata mwanga. Hapo wateja wananisaidia bila kujua. Mtu ananitumia picha ya mkoba aliobeba mwaka mzima, kingo zimeng'aa, umeweka mikunjo yake. Naomba ruhusa, naiweka karibu na picha ya siku ulipotoka mezani. Posti ya namna hiyo haihitaji kulipiwa matangazo.

Mauzo yenyewe yanakamilika WhatsApp. Toleo la WhatsApp Business, lililotoka 2018, lina katalogi na lina lebo za kubandika kwenye mazungumzo. Za kwangu ni nne tu: ameuliza, amelipa nusu, yuko kwenye foleni, tayari. Kuna pia orodha ya matangazo (broadcast), ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi kwa mpigo, ambayo huchukua hadi watu 256 na ujumbe wake unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wengine wanalalamikia sharti hilo. Kwangu linafaa sana: aliyejisumbua kuhifadhi namba ya fundi ngozi ana nia.

Hata hivyo majina, namba na vipimo vya kila oda ninavyo pia kwenye daftari la karatasi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Daftari halizimiki, ingawa linaweza kumwagiwa rangi, kama langu linavyoshuhudia.

Foleni ikijaa, natangaza imefungwa na kutaja mwezi itakapofunguliwa, lakini video naendelea kuziweka. Kuna wanaonuna. Juzi dada mmoja alitaka mkoba wa zawadi kabla ya wiki kuisha, nikamtumia ukurasa wa fundi mwenzangu ambaye mikono yake ni mepesi kuliko yangu. Wamekubaliana. Yule fundi naye kanirushia mtu anayetaka mkanda wa bizimu ya shaba, na huyo amesema yuko radhi kusubiri.