Mhudumu Mkuu wa Mgonjwa

Mjukuu wangu alikuwa uani anafua mashuka ya babu yake, akaniuliza jiki aweke kiasi gani. "Kipimo kimoja, maji sita," nikajibu kabla hata sijafikiri. Harufu ilipopanda nikajikuta Muleba, mkoani Kagera, mwaka 2003, dodoso mkononi.

Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa hazijaanza kutolewa bure. Hilo lilikuja mwishoni mwa 2004. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, wengi walirudi kuugulia nyumbani. Utafiti wangu ulitaka kujua nani anawauguza huko, na anajua nini. Vibali, mwenyekiti wa kijiji, barabara yenye matope, hayo nayaruka.

Nyumba ilikuwa katikati ya migomba. Bibi alijibu kwa Kihaya, mhudumu wa kijiji akitafsiri. Tulipofika kwenye swali "Nani mhudumu mkuu wa mgonjwa?" bibi alinyamaza kidogo, akageukia mlango. Alikuwa anaingia binti wa darasa la nne, yuko na sare, anahema. Yalikuwa mapumziko ya saa 4, na shule haikuwa mbali.

"Shikamoo, mama."

Sikuwahi hata kumaliza kuitikia. Alishafika kitandani.

Chini ya mgonjwa, kutoka mabegani hadi mapajani, ilitandikwa kanga iliyokunjwa mara mbili. Mtoto akaweka goti moja kitandani, akajinyoosha hadi akaushika upindo wa upande wa pili, akamnong'oneza mama yake neno. Wakavuta pumzi pamoja. Kisha akaivuta kanga kuelekea kwake, polepole, na mwili wa mtu mzima ukalala ubavu bila ngozi kukwaruzana na godoro. Akasogeza mto wa majani makavu ya migomba nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti. Akapapasa nyonga, akapapasa visigino, kimoja kimoja, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Nami nikakagua. Mgonjwa aliyelala miezi, hana kidonda hata kimoja. Nimewahi kufanya kazi wodi zenye wauguzi wenye vyeti ambako vidonda vya mgandamizo vilikuwa jambo la kila wiki.

"Nani alikufundisha?"

"Mama. Ananiambia panapouma."

Akarudi shule mbio.

Kibali cha maadili ya utafiti kiliniruhusu kuwahoji wenye miaka 18 na kuendelea. Kwa hiyo kwenye dodoso, na baadaye kwenye ripoti, mhudumu mkuu wa nyumba ile ni bibi.

Baadaye nimekaa kwenye kamati za maadili, na kanuni hiyo naitetea: mtoto mwenye mzigo kama ule asiongezewe mtafiti mlangoni. Lakini aliyesoma jedwali langu aliona watu wazima wakiuguza watu wazima. Hakuona chochote cha kumfanya aulize kuhusu shule, uji, au usingizi wa yule binti. Hayo mawili sijaweza kuyapatanisha.

Kumgeuza mgonjwa kwa kanga ni somo ninalofundisha kila mwaka, na husema kulikotoka. Juzi mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono: "Profesa, mbona huyo mtoto hayumo kwenye utafiti wako?" Nikamweleza kanuni yote, na sababu zake. Hakuridhika, na sikumlaumu.