Jina la kumi na moja

Karani wa shule alinipa orodha ile Ijumaa moja ya Agosti 2019, akanisihi nisimwonyeshe mtu asiyehusika. Zilikuwa karatasi nne zilizobanwa kwa pini: majina ya wanafunzi wa zamani ambao vyeti vyao vya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, vilikuwa bado kabatini kwa sababu ya deni la karo, mwaka wa mtihani, na kiasi anachodaiwa kila mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya mbio za kuchangia madeni hayo, na kamati ilitaka kujua tunakimbilia nini hasa. Niliisoma ndani ya matatu, msongamano umetukwamisha Jogoo Road, Nairobi, karibu na Makadara. Jina la kumi na moja lilikuwa la Deski.

Tuliitana hivyo yeye na mimi, tangu kidato cha kwanza, kwa kuwa tulikaa dawati moja miaka minne. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba walimu walimpa chaki atuandikie maelezo ubaoni. Baada ya mtihani wa 2002 alituambia amechoka na vitabu, anataka biashara. Nilimwamini kwa miaka 17. Kila nilipopita pale stendi anapouza chai na mandazi nilimpongeza: "Wewe uliamua mapema, Deski." Alitabasamu tu, akaniongezea chai bila kuniongezea bei. Sasa karatasi iliniambia kwamba hakuamua lolote. Alikuwa anadaiwa shilingi 23,400.

Wasomaji wadogo huenda wasielewe deni kama hilo linavyoweza kumfunga mtu. Serikali ilianza kulipia masomo katika sekondari za kutwa mwaka 2008. Wakati wetu mzazi ndiye aliyebeba kila kitu, na baba akisimamishwa kazi Industrial Area katikati ya mwaka wa mwisho, hesabu ya mtoto ilikwama hapo hapo. Mtihani utafanya, matokeo utayasikia, lakini cheti kitabaki shuleni. Na bila cheti hujiungi na chuo cha uuguzi, hupangi foleni ya makurutu wa polisi. Miaka mitano ikipita unaona haya hata kurudi kuulizia.

Baadhi yetu walitaka harambee ya kawaida, ya ukumbi, viti na mgeni wa heshima. Mwenyekiti wetu alikataa. Alisema harambee ya namna hiyo humwita mwenye pesa nyingi, lakini kukimbia hata mwenye mia tano anaweza. Tukakubaliana: kilomita 5 na kilomita 10, kuanzia na kumalizia uwanja wa shule, kupitia Rabai Road na Mumias South Road, Jumapili alfajiri kabla matatu hazijachangamka. Mkubwa shilingi 500, mtoto 100.

Nilipeleka barua kituo cha polisi wiki tano mapema, nikidhani nafanya vyema. Afande aliisoma yote kwa makini, kisha akanirudishia. "Dada, sheria inataka taarifa isiyozidi siku 14 kabla, wala isipungue siku 3. Rudi wakati wake." Nilirudi siku ya kumi kabla ya mbio, akaipiga muhuri. Vijana wa bodaboda walijitolea kutuzibia makutano ya barabara, kwa sababu nao wana ndugu waliosoma pale.

Kilichotugawa ni swali moja: pesa zisipotosha wote, nani atangulie? Mmoja alisema tuanze na waliomaliza karibuni, wana maisha marefu mbele yao. Mimi nilisema tuanze na waliosubiri zaidi. Nilizungumza kwa ukali ambao si kawaida yangu, na nilipokuwa bado nasema nikatambua kwamba sipiganii wazee wote wa ile orodha. Nampigania mtu mmoja. Nikanyamaza, na kura ilipopigwa sikuinua mkono. Walio wengi waliamua tuanze na madeni madogo ili tufungue wengi kadiri iwezekanavyo. Ulikuwa uamuzi wa haki, hata leo nasema hivyo. Lakini orodha ilipopangwa upya, Deski aliangukia nafasi ya 34.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba tulikuwa ukumbini tukikunja tisheti. Saa tatu na robo asubuhi mtu aliegemeza simu kwenye boksi la maji, tukaanza kumtazama Eliud Kipchoge kule Vienna. Kwa saa mbili nzima tulikunja kidogo sana. Alipovuka mstari kwa 1:59:40, binadamu wa kwanza kumaliza kilomita 42 na ushei chini ya saa mbili, ukumbi mzima ulipiga kelele, na nje, upande wa Jericho, tukasikia kelele zikitujibu. Jioni mweka hazina alijumlisha ada za waliojiandikisha na michango, akaondoa gharama za tisheti, ambulensi ya kukodi na maji. "Tunafika jina la 28," akasema. Nilirudi nyumbani nikiwa na uzito ambao sikuweza kumweleza hata mume wangu, kwa sababu nilikuwa nimeahidi siri.

Usiku mvua ilinyesha. Nilipofika shuleni saa kumi na moja, lango limejaa tope, nilimkuta Deski tayari amepanga thamosi zake na ndoo ya mandazi kando ya ukuta. Nilishtuka kana kwamba nimefumaniwa.

"Karibu chai, Deski. Leo mna watu."

Ni kweli, tulikuwa na watu. Walikuwa wakishuka kutoka Jericho, Makadara, hadi Umoja, wengine na raba, wengine na ndala, watoto wamevaa sare za michezo. Karibu watu 400 hawakuwa kwenye daftari letu. Kila niliyemuuliza alitaja Kipchoge. Mzee mmoja aliyeshika bakora aliniambia hawezi kulala nyumbani siku moja baada ya jambo kama lile. Tisheti zikaisha saa kumi na mbili na nusu, na hakuna aliyelalamika. Simu ya mweka hazina ililia kwa jumbe za M-Pesa mpaka akaizima sauti.

Kisha Deski akasimama mbele ya meza yangu, aproni bado kiunoni. Binti yake alikuwa amekaa mahali pake penye chai.

"Hizi pesa ni za nini hasa?"

"Za karo," nikasema. "Madeni ya zamani. Kuna watu vyeti vyao viko hapa."

Aliniangalia. Sikujua nifanye nini na macho yangu, kwa hiyo niliyashusha kwenye daftari. Nikasikia sarafu. Alikuwa anahesabu juu ya meza, noti za hamsini hamsini, kisha sarafu za ishirini na za kumi, pesa za chai ya asubuhi ile ile. Zilitimia 500.

"Niandike kilomita 5. Nitatembea."

Mkono wangu ulikuwa mzito kushika kalamu. Nilitamani kumrudishia, na nisingeweza kumrudishia bila kumweleza sababu. Nikamwandika. Alitembea kilomita zote 5 akiwa na aproni yake, akarudi na raba zimebadilika rangi kwa tope, akaenda moja kwa moja kumpokea binti yake.

Jioni ile, tukiwa tunahesabu, habari zikaja kwamba Brigid Kosgei amekimbia marathoni ya Chicago kwa 2:14:04 na kuvunja rekodi ya dunia ya wanawake, ile iliyowekwa mwaka 2003. Mimi niliusikia huo mwaka zaidi ya nilivyosikia muda. Ndio mwaka vyeti vyetu vilipofika shuleni. Mweka hazina akajumlisha mara mbili, akaweka kalamu chini. Tumefika jina la 36.

Nilitoka nje nikasimama gizani uwanjani mpaka nilipotulia.

Mwezi uliofuata Deski alinipigia simu. "Wameniita shuleni. Sijui kuna nini. Nisindikize." Tulienda Jumanne. Karani alifungua kabati la chuma, akatoa bahasha, akamgeuzia rejista. Deski alisaini, na ule mwandiko ulikuwa vile vile, herufi zimelala upande mmoja kama za ubaoni. Alisoma jina lake kwenye cheti. Akasoma masomo yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ndogo, Kiswahili, Kemia, Biolojia. Hakuniuliza kama nilijua, nami sikumwambia.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza tena. Alisimama chini ya dari ya ofisi, ameshika kile cheti kwa ncha za vidole viwili.

"Mikono yangu ina mafuta ya mandazi, Deski. Nibebee mpaka nyumbani."

Nikafungua mkoba, nikakiweka katikati ya daftari langu, tukangoja mvua ipungue.